Boila inatoa maji ya moto lakini rejeta zote ni baridi: je, kweli ni vali?

#1 MtangaLeicester

Habari za jioni, wanajamvi. Naishi Leicester katika nyumba ya kupanga ya vyumba vitatu, na boila yetu ni ile ndogo ya gesi inayotundikwa ukutani jikoni, isiyo na tangi. Tangu Jumamosi maji ya moto yanatoka jikoni na bafuni kama kawaida, lakini rejeta zote, yaani vile vyuma vya ukutani vinavyopasha vyumba joto kwa maji ya moto, za chini na za ghorofani, ni baridi kabisa. Themostati ya sebuleni, yaani kidhibiti cha joto la nyumba, nimeipandisha hadi nyuzi 21, nayo inasoma nyuzi 13. Boila haionyeshi namba yoyote ya hitilafu. Mama yangu mzazi amekuja kututembelea kutoka Tanga, ana pumu, na usiku namsikia anavyokohoa hadi alfajiri.

Mwenye nyumba alimpigia simu fundi wake. Fundi huyo, bila kufika, akasema kwamba vali ya njia tatu iliyo ndani ya boila imekwama, na kwamba ataweza kuja Alhamisi. Sasa mwenye nyumba anataka nichangie nusu ya gharama kwa hoja kwamba boila ilikuwa nzima nilipohamia. Swali langu ni hili: je, mtu anaweza kujua kwamba ni vali bila hata kuiona boila? Na je, kuna jambo ninaloweza kulikagua mwenyewe kabla ya Alhamisi bila kuhatarisha watu wa nyumbani?

#2 BabaNadia

Pole, dada, na mpe mama pole zetu. Kabla ya kufika kwenye vali, badilisha betri za themostati kama ni ile isiyo na waya. Mwaka jana hapa Birmingham tulikaa siku nne katika baridi, dalili zikiwa hizo hizo unazozieleza, na fundi alipofika alitoa betri mbili za AA, akaweka mpya, moto ukawaka, nami nikamlipa pauni 70. Skrini ilikuwa bado inasomeka vizuri, ndiyo maana sikuzishuku.

Angalia pia vitufe vya boila yenyewe. Nyingi zina alama ya mfereji na alama ya rejeta, na ikiwa mtu aliiacha kwenye alama ya mfereji peke yake, kama wengi tunavyofanya majira ya joto, itakupa maji ya moto tu na haitapeleka chochote kwenye rejeta.

#3 KijukuuWaPangani

Mimi nashuku barafu. Boila za kisasa hupoza mvuke wa moshi wake mpaka ukawa maji, na maji hayo hutoka nje kwa bomba jembamba la plastiki. Bomba hilo likipita nje ya ukuta, huganda siku za baridi kali, maji yakarudi ndani ya boila, nayo ikajizima. Yetu ilitoa sauti ya kugugumia kama mtu anayesukutua, kisha ikaandika namba ya hitilafu EA. Nililimwagia bomba maji ya uvuguvugu, si ya kuchemka, kwa sababu maji yanayochemka huweza kulipasua, nikabonyeza kitufe cha kuanzisha upya, na boila ikawaka.

#4 FundiWaReading

Mimi ni fundi wa gesi mwenye usajili, na kazi hii naifanya kila siku, kwa hiyo naomba nieleze kwa urefu kidogo.

Ndugu yangu wa bandiko #3, ulilolieleza ni kweli na ushauri wa maji ya uvuguvugu ni sahihi, lakini halimhusu dada huyu. Bomba hilo likiganda, moto hauwaki kabisa, wala kwa rejeta wala kwa mfereji. Yeye anapata maji ya moto. Maana yake gesi inafika, cheche inapiga, feni inazunguka na moshi unatoka. Jambo hilo moja linafuta nusu ya orodha ya magonjwa ya boila, na ndiyo sababu mimi humuuliza kila mteja kuhusu maji ya moto kabla sijamuuliza kitu kingine.

Boila ya namna hii, ambayo wengi tunaiita kombi, ina moto mmoja unaofanya kazi mbili. Moto huo hupasha maji yanayozunguka ndani ya boila, na vali ya njia tatu huyaelekeza ama nje kwenye rejeta, ama kwenye kibadilisha joto kidogo kinachopasha maji ya mfereji. Ukifungua mfereji wa moto, mfereji hupewa kipaumbele na rejeta husubiri. Vali ikikwama upande wa mfereji, unapata alichokipata dada: maji ya moto yapo, rejeta hakuna. Kwa hiyo fundi wake hakusema jambo la ajabu. Kosa lake ni kulisema kama jambo lililothibitika, maana dalili hiyo hiyo huletwa pia na themostati isiyotuma amri, na kihisi cha mtiririko kinachoidanganya boila kwamba mfereji wa moto bado uko wazi, na mambo mengine yaliyo nje kabisa ya boila.

Kuna kipimo kisichohitaji bisibisi. Funga mifereji yote, amuru rejeta ziwake, halafu gusa kwa uangalifu mabomba ya shaba yaliyo chini ya boila. Katika boila nyingi kuna mabomba matano: la kupeleka maji kwenye rejeta, la maji ya moto ya mfereji, la gesi, la maji baridi yanayoingia, na la kurudisha maji kutoka kwenye rejeta. Mpangilio hutofautiana, kwa hiyo tazama mchoro ulio katika kitabu chake. Utuambie lipi linapata moto na lipi linabaki baridi. Kifuniko cha boila usikifungue. Hiyo si kazi yako, na hapa Uingereza sheria inaitaka kazi ya gesi ifanywe na mtu aliyesajiliwa na Gas Safe Register, orodha rasmi ya mafundi wa gesi, peke yake.

#5 NjiroArusha

Hapa Arusha hatuna rejeta, ila nina hita ya gesi ya mtungi kwa ajili ya bafu, na yangu iligoma wiki iliyopita. Ilikuwa na betri mbili kubwa chini yake ambazo ndizo zinazopiga cheche, na nilipozibadilisha ilipona. Dada akague betri za boila yake.

#6 FundiWaReading

@NjiroArusha, asante. Hita yako hutegemea betri kwa sababu haina waya wa umeme, na tena hutegemea msukumo wa maji: kiwambo kilicho ndani kisiposukumwa na maji ya kutosha hakiruhusu gesi ipite, kwa hiyo tangi likiwa chini sana itakataa hata kwa betri mpya. Boila ya dada inatumia umeme wa nyumba. Betri anazozungumzia @BabaNadia ni za themostati iliyoko sebuleni, na hizo ni betri nyingine.

#7 NjiroArusha

Nimeelewa. Tangi langu liko mita moja tu juu ya bafu, kwa hiyo umenieleza na tatizo ambalo sikuwa nimeliuliza.

#8 MtangaLeicester

Nimerudi na majibu. Betri nimebadilisha, na taa ya kipokezi kilicho karibu na boila inawaka kijani, kwa hiyo nadhani amri inafika. Alama ya rejeta iko kwenye skrini ya boila. Geji ya presha ya maji inasoma baa 1.2.

Nilipofunga mifereji na kuwasha rejeta, boila iliwaka. Namba ya joto kwenye skrini ilipanda kutoka 30 hadi 78 kwa muda usiozidi dakika mbili, halafu moto ukazimika, ukangoja, ukawaka tena. Bomba la kupeleka lilikuwa la moto kiasi kwamba sikuweza kulishika, bomba la mfereji lilikuwa vuguvugu, na la kurudi lilibaki baridi. Nimerudia mara tatu.

#9 MzeeWaBandarini

Binti yangu, hiyo ni pampu. Nimeishi Southampton tangu 1984 na nimeziona boila za kila namna. Pampu ikikaa majira yote ya joto bila kuzunguka, hushikwa na uchafu, na siku unapoihitaji hunguruma tu bila kusogea. Maji ya ndani ya boila hayaendi popote, yanachemka hapo hapo, na boila inajizima ili isijiunguze. Zamani tulikuwa tunafungua skrubu pana ya katikati ya pampu na kuuzungusha mhimili kwa bisibisi, ikaondoka.

Aangalie pia kabatini ghorofani, kwenye tangi la maji ya moto, kuna vali yenye mota ndogo pembeni. Mota hiyo hufa mara nyingi sana.

#10 BabaNadia

Shikamoo mzee. Amesema katika bandiko la kwanza kwamba boila yake haina tangi.

#11 MzeeWaBandarini

Marahaba. Nimesoma haraka, la tangi nalifuta. La pampu silifuti.

#12 FundiWaReading

Mzee wetu, naomba nikupinge kwa heshima kwenye hilo la pampu. Katika kombi nyingi, pampu ile ile inayosukuma maji kwenye rejeta ndiyo inayoyazungusha kupitia kibadilisha joto cha mfereji. Kama imekufa, maji ya mfereji nayo yangetoka baridi, au ya moto kwa sekunde chache kisha baridi. Zipo boila chache za muundo mwingine ambazo hazihitaji pampu kwa maji ya mfereji, lakini si nyingi.

Kuhusu vali, vipimo vya dada vimenifanya nipunguze mashaka yangu kwa kiasi kikubwa. Vali ingekuwa imekwama upande wa mfereji, bomba la kupeleka lisingechoma mkono. Kwa hiyo vali imegeuka, maji ya moto yanatoka boila, na kitu fulani mbele ya safari kinayazuia yasizunguke na kurudi. Nusu ya gharama anayodaiwa ni ya kifaa ambacho, kwa ushahidi huu, huenda ni kizima.

#13 MzeeWaBandarini

Sikusema imekufa, nimesema imeshikwa. Pampu dhaifu inaweza kuyazungusha maji ndani ya boila, njia fupi ya sentimita chache, ikashindwa kuyasukuma hadi ghorofani na kuyarudisha. Mtu mgonjwa huweza kutembea chumbani kwake bila kuweza kufika sokoni.

#14 FundiWaReading

Hilo nalikubali, mzee. Inawezekana, na nimewahi kulikuta.

#15 SokoniLuton

Wakati mnaendelea kutafuta, mama asiteseke. Jirani yetu hapa hutumia jiko la mkaa, analiwasha nje mpaka moshi uishe, ndipo analiingiza chumbani. Joto lake ni zuri kuliko hita ya umeme, na gharama ni ndogo.

#16 BintiGlasgow

Hapana, hapana kabisa, na naomba mtu yeyote anayesoma uzi huu asifanye hivyo. Mkaa usiotoa moshi bado unatoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi, na nyumba za huku zimezibwa madirisha kwa ajili ya baridi. Watu hulala na hawaamki. Mimi ni muuguzi, na nimempokea mgonjwa aliyeletwa kwa sababu hiyo, mama wa watoto wawili, ambaye alidhani ana mafua kwa sababu kichwa kilimuuma na alihisi kichefuchefu. Jiko la mkaa ni la nje tu.

Dada, je, kuna king'ora cha kaboni monoksidi karibu na boila? Kwa England, tangu Oktoba 2022 mwenye nyumba wa kupangisha analazimika kukiweka katika kila chumba kinachotumika kuishi chenye kifaa kilichofungwa mahali pake cha kuchoma mafuta au gesi, isipokuwa jiko la gesi la kupikia. Na mkisikia harufu ya gesi wakati wowote, msisubiri fundi wa Alhamisi: fungueni madirisha, tokeni, msiguse swichi, na mpige 0800 111 999.

#17 SokoniLuton

Nimesoma na nimeelewa. Nimempigia jirani sasa hivi.

#18 MtangaLeicester

King'ora kipo na nimekijaribu, kinalia. Mama nimemnunulia hita ya umeme, ile yenye mafuta yaliyofungiwa ndani yasiyoungua, iko chumbani kwake. Swali la gharama bado linaniumiza, maana mwenye nyumba amenitumia ujumbe mwingine leo asubuhi.

#19 BintiGlasgow

Usilipe. Kifungu cha 11 cha sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 1985 kinamtaka mwenye nyumba aviweke katika hali nzuri vifaa vya kupasha joto nyumba na maji. Kuchakaa kwa kawaida ni mzigo wake, isipokuwa kama wewe ndiye uliyeviharibu. Kifungu hicho ni cha England; Wales nayo ilikitumia mpaka 2022. Huku kwetu Scotland tuna ya 2006 inayofanana nayo kwa jambo hili. Mwandikie, usimpigie, na uyaweke majibu yake yote. Pia mwombe nakala ya ukaguzi wa gesi wa mwaka huu. Ni lazima ufanyike kila baada ya miezi 12, na mwenye nyumba anapaswa kukupa nakala ndani ya siku 28.

#20 MwenyeNyumbaMK

Mimi napangisha nyumba mbili Milton Keynes na nayaunga mkono maneno ya #19. Ningeongeza tu kwamba fundi akifika, muombe kitambulisho chake cha Gas Safe na ukigeuze nyuma, kwa sababu huko ndiko zimeandikwa kazi anazoruhusiwa kufanya. Mtu anaweza kuwa amesajiliwa kwa majiko na asiwe na ruhusa ya boila. Niliwahi kulitambua hilo nikiwa nimekwisha kumlipa mtu.

Kuhusu ugonjwa wenyewe, je, kuna kazi yoyote iliyofanyika nyumbani kabla ya rejeta kupoa? Kwangu chanzo kilikuwa mpaka rangi, yaani fundi wa kupaka kuta.

#21 MtangaLeicester

Umenikumbusha. Mwezi Agosti mwenye nyumba alileta mpaka rangi, naye aliteremsha rejeta mbili za chini ili apake ukuta nyuma yake, kisha akazirudisha. Tangu hapo hatukuwahi kuwasha rejeta mpaka Jumamosi iliyopita. Kwa hiyo si kwamba ziliharibika Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku tuliyozihitaji kwa mara ya kwanza.

#22 MwenyeNyumbaMK

Basi kwangu mimi jawabu liko hapo. Rejeta ikiteremshwa, koki zake mbili hufungwa: ile yenye namba, na ile ya upande wa pili inayofunikwa kofia ya plastiki. Wapaka rangi wengi hukumbuka kuifungua ya kwanza na kuisahau ya pili.

#23 BabaNadia

Lakini hizo ni rejeta mbili tu. Za ghorofani hazikuguswa, na nazo ni baridi.

#24 KijukuuWaPangani

Hewa. Alipoziteremsha, hewa iliingia kwenye mabomba, na hewa hupanda juu. Sasa imekaa mahali na kuyazuia maji. Zima boila, ngoja zipoe, chukua ufunguo mdogo wa rejeta, fungua tundu la juu pembeni kidogo tu mpaka mlio wa hewa uishe na maji yatoke, ukiwa umeweka kitambaa chini. Anza na za chini, malizia na za juu, kisha utazame geji, kwa sababu presha itashuka na itabidi irudishwe hadi baina ya baa 1 na 1.5.

#25 FundiWaReading

Ushauri mzuri, na safari hii umepiga karibu na shabaha. Dada, jambo hilo unaweza kulifanya mwenyewe. Tazama na rangi ya maji yatakayotoka. Yakiwa meusi kama wino, hiyo ni oksidi ya chuma inayotoka kwenye kuta za rejeta zenyewe, nayo hushikwa na sumaku.

Jambo la pili: koki zenye namba zina pini ndogo chini ya kichwa cha plastiki. Majira ya joto watu huziacha kwenye sifuri, na pini hukwama chini kwa miezi mitano. Unaweza kukigeuza kichwa hadi namba 5, ukakifungua kwa mkono, ukaitazama pini. Ukiibonyeza kwa kitu bapa inapaswa kuruka juu yenyewe. Isiporuka, igonge taratibu pembeni mwa koki. Usiivute kwa koleo, kwa sababu inaweza kuchomoka na maji yakafuata.

#26 MtangaLeicester

Nimefanya yote jana usiku, mume wangu akinishikia tochi. Rejeta mbili za ghorofani zilitoa hewa kwa karibu nusu dakika kila moja. Iliyo sebuleni, mojawapo ya zile zilizoteremshwa, ilitoa maji meusi kabisa. Presha ilishuka hadi 0.7, na kwa maelekezo ya kitabu nikairudisha 1.3. Pini tatu kati ya saba zilikuwa zimekwama, na mbili zimekubali kuruka.

Matokeo: ile rejeta ya bafuni inayotundikiwa taulo, ambayo haina koki ya namba, sasa ni ya moto. Rejeta ya chumba cha mama ni vuguvugu juu na baridi chini. Nyingine zote bado ni baridi. Boila sasa inakaa dakika nne au tano kabla ya kujizima.

#27 MzeeWaBandarini

Vuguvugu juu na baridi chini ni tope la hiyo oksidi nyeusi, limetulia chini ya rejeta. Lakini pampu yenye nguvu ingelipita tope hilo.

#28 MwenyeNyumbaMK

Nami bado nasema koki za upande wa pili. Hajatueleza kama alivua zile kofia.

#29 FundiWaReading

Bafuni kuwa moto kunatuonyesha kwamba maji yanazunguka, kwa hiyo pampu inasukuma angalau kwa kiasi. Mimi nauweka uzito kwenye tope, ambalo lilitulia chini kwa miaka na likatikiswa rejeta zilipoteremshwa, likaenda kukusanyika kwenye kona za mabomba. Lakini siwezi kuikataa hoja ya mzee bila kuipima pampu, wala ya koki bila kuziona. Ningekuwa mimi ndiye ninayekuja Alhamisi, ningefunga rejeta zote isipokuwa moja, nisukume maji ya boila yote kwenye hiyo moja, na kuzipitia zote kwa zamu. Rejeta itakayopata moto ikiwa peke yake haina tope la kuizuia. Itakayokataa hata hivyo, koki yake au bomba lake ndilo la kutazamwa.

Hilo la zamu unaweza kulianza wewe leo, dada, na uandike kila moja ilichukua dakika ngapi.

#30 MtangaLeicester

Asanteni. Nimeivua kofia ya rejeta ya sebuleni sasa hivi: koki iko wazi. Ya ukumbini kofia yake imefunikwa na rangi na haitoki kwa mkono. Nimeanza zamu na chumba cha mama, nyingine zote nimezifunga. Dakika kumi na moja, na sehemu ya chini imeanza kupata joto. Naendelea na ya pili, na orodha yote nitamkabidhi fundi Alhamisi pamoja na ujumbe niliomwandikia mwenye nyumba.